Bomba la Marehemu Chiriku

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi, niliyeona mengi kuliko vitabu vyote vya shuleni kwenu vikifungwa kwa kamba moja, ningesimuliwa na mtu baki ningemuuliza kwanza amekunywa nini. Lakini mwenye kisa ni mpwa wangu, dada yangu tumbo moja ndiye aliyemzaa. Yuko hai, ana akili zake timamu, na pikipiki yake imeegeshwa hapo nje inadondosha oili kwenye ua wangu. Kusoma kwake alikutoa kwa baba yake. Ujanja wake mwingine, msinilazimishe kujisifu.

Kazi yake ni bibi shamba, na bonde zima la mpunga linamwita hivyohivyo, Bibi Shamba, utadhani hakupewa jina utotoni. Alipopangiwa kule bondeni alipata chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa. Humo walilala yeye, pikipiki na viatu vyake vya mpira. Pumba ilipenya chini ya mlango mchana kutwa, mto wake ukawa na mvi kabla yake. Juu ya kitanda alining'iniza mashina mawili ya mpunga. La kwanza lilikuwa limetoa machipukizi mengi, limefura kama ufagio mpya. La pili limekonda kama mkia wa panya. Kila mkulima aliyeingia aliuliza kama yale mashina ni ndugu.

"Ndugu kabisa," alikuwa akijibu. "Mama mmoja, baba mmoja. Huyu alipandwa peke yake, akajinyoosha anavyotaka. Huyu alibanwa na wenzake kwenye shimo moja, usiku kucha wanavutana shuka."

Ndivyo alivyofundisha. Hakupenda kuhubiri. Lakini bonde lile lilikuwa na tabia yake, na tabia hiyo ni dawa. Dawa ya magugu, dawa ya wadudu, dawa ya wasiwasi. Jani likigeuka njano kidogo, mtu huyo mbio dukani. Siku yake ya kwanza Bibi Shamba alisimama kwenye tuta akatazama majaruba ya mpunga yaliyojaa maji mpaka macho yakachoka, na kitu kikamsumbua asijue ni nini. Baadaye ndipo alipojua. Hakukuwa na chura hata mmoja. Wala kerengende. Maji yote yale, na kimya kama cha nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaacha milango wazi.

Msimu wa kwanza alianza na wale waliokubali, kikundi kidogo chini ya mwanamke mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi, waliyemwita Mwenyekiti hata akiwa jikoni kwake anapepeta mchele. Mashamba yao yalikuwa chini kabisa, mwisho wa mfereji. Aliwafundisha kupanda miche ingali michanga, mmoja mmoja, kwa kamba yenye mafundo. Aliwafundisha kuingiza maji na kuyatoa, ili ardhi nayo ivute pumzi. Akawapa kimashine cha palizi chenye meno, cha kusukuma katikati ya mistari. Na badala ya dawa ya wadudu akawaletea vifaranga wa bata ndani ya tenga.

"Ndio vibarua wako hawa?" Mwenyekiti aliuliza, kamshika kifaranga mmoja kama anayekagua nyanya sokoni.

"Ndio hao, mama. Wanakula wadudu, wanakula magugu machanga, wanavuruga maji mizizi ipate hewa. Hawaombi chai, hawasengenyi mtu."

"Na wanakunya kazini."

"Hiyo ndiyo mbolea yenyewe."

"Basi na mume wangu nimlete," Mwenyekiti akasema, na mwenzake mmoja akakaa kwenye tope kwa kicheko.

Bata wakakua. Mpunga ukafura. Waliokuwa wakiwacheka wakaanza kupita pale kwa kisingizio cha kutafuta mbuzi aliyepotea. Kisha asubuhi moja, mpunga unakaribia kubeba mimba, Mwenyekiti alipiga simu na hakutania.

"Njoo," alisema tu.

Bata wote walikuwa wamekusanyika kwenye mlango wa maji, matumbo juu, wanazungushwa taratibu na mkondo mdogo. Shingo zao zilikuwa zimelegea zikapishana. Watu wamesimama kwenye matuta wakitazama. Siku hiyohiyo baadhi yao walionekana wakitoka dukani na chupa za dawa kwenye mifuko myeusi, wakipita mbali ili wasikutane naye macho.

Bibi Shamba alichuchumaa akanusa maji. Ulimi wake ukawa mzito, kama aliyelamba betri.

"Haya maji yametoka wapi?"

Kumbe alikuwa ameuliza yote bondeni kule, ya mbegu, ya udongo, ya panya, asiulize maji yalilala wapi kabla ya kufika. Kule maji hayana njia ya mkato. Yanatoka jaruba la huyu yanaingia la yule, na anachotia wa juu anakinywa wa chini. Kila mwenyeji anajua, na ndiyo maana hakuna aliyemwambia. Nani anakaa chini kumweleza mgeni kwamba mvua inatoka juu?

"Kwa Mzee Bomba," Mwenyekiti alijibu. "Shamba la kwanza, hapo mfereji unapoanzia. Lakini usiende kumgombeza."

"Kwa nini nisiende? Ameua bata wetu wote."

"Kwa sababu si yeye anayepuliza."

Akamsimulia hapohapo, wakiokota bata na kuwatia kwenye gunia. Mzee Bomba alikuwa na mke, mwembamba, mdomo haupumziki, akipalia anaimba, akipuliza dawa anaimba, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Katika bonde zima hakuna aliyelijua bomba la dawa, lile la kubeba mgongoni, kama yeye. Akina mama wote wa pale yeye ndiye aliyewafundisha kulibeba. Siku moja, jua la utosi, upepo ukamgeuka akiwa kwenye jaruba la mwisho. Bomba lilikuwa linavuja, mgongo umelowa tangu asubuhi. Wakamwona anapiga magoti kwenye kona, wakadhani ameangusha kitu. Kisha akalala. Walipomfikia bomba lilikuwa bado nusu.

"Hakumaliza," Mwenyekiti alisema. "Sasa jua likifika utosini, watu wamekaa kivulini, sisi tunamsikia. Ule mkono wa bomba. Kwi-cha, kwi-cha. Na kila msimu, mpunga ukifika hapa ulipofika, mumewe analivaa bomba lake anampulizia lile jaruba. Ukimuuliza anasema anamsaidia mwenzake."

Bibi Shamba alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyesoma. Mwenyekiti hakumlaumu. Alifunga tu mdomo wa gunia.

Msimu uliofuata ilibidi awabembeleze upya. Mwenyekiti aliwavuta wengine kwa masikio, karibu kweli. Lakini walimwekea sharti, wakalisema mbele yake bila kuzunguka: bata wakifa tena, kila mtu anarudi kwenye chupa yake, na yeye afunge mizigo yake atafute bonde lingine. Akakubali. Angefanya nini? Vifaranga wakaingia majini, na yeye akapanda juu kwa Mzee Bomba, mchana, kwa sababu asubuhi mzee haonekani.

Aliegesha pikipiki akafuata tuta kwa miguu. Alikuwa amefika kwenye jaruba la mwisho aliposikia. Kwi-cha. Akadhani ni ndege. Kwi-cha, kwi-cha. Akadhani ni bawaba ya mlango, lakini nyumba ilikuwa mbali. Hakukuwa na upepo. Hata hivyo kwenye mpunga kulikuwa na utepe, upana wa mkono wa mtu akiuzungusha kushoto na kulia, na ndani ya utepe ule majani yalikuwa yanainama kisha yanainuka, yanainama kisha yanainuka, yakimwendea. Kwenye kona utepe ulisimama. Sauti nayo ikakoma. Ulimi wake ukawa mzito vilevile kama siku ya bata.

Mpwa wangu si mwoga. Hilo nalijua, nimemtisha sana utotoni na hakuna lililofanya kazi. Lakini siku ile alitembea kinyumenyume mpaka nyumbani kwa mzee, na kiatu kimoja akakiacha kwenye tope.

"Karibu, mwanangu," Mzee Bomba alisema mlangoni, akimtazama mguu. "Umekutana naye."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia, atakuletea kiatu akipenda." Akacheka peke yake, sauti kavu. "Natania. Hajawahi kumletea mtu kitu."

Sebule ilikuwa na viti viwili, kimoja hakikaliwi. Ukutani, palipofaa kuwekwa picha, palikuwa na bomba. Lilitundikwa wima, kifuniko kimefungwa. Mabega ya kamba zake yalikuwa yameshonewa pedi za blanketi kuukuu, mishono midogo ya mtu mvumilivu, na kamba zenyewe fupi, kipimo cha mwanamke mwembamba. Mzee alikuwa mrefu kama mlingoti. Akilivaa, bila shaka lilimkaa shingoni kama mtoto aliyebebwa vibaya. Hakuwa amezirefusha.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba. Msimu huu usipulize."

"Mimi napuliza lini? Mimi nabeba tu."

"Bata wa wenzako walikufa."

"Niliambiwa. Niliwasikitikia sana." Na kweli alisikitika, macho yalionyesha. "Lakini mwanangu, wewe umemsikia mara moja. Mimi namsikia kila mchana, nikiwa hapa na bakuli langu. Aliacha kazi nusu. Dawa ikiisha atapumzika. Kwa hiyo natia, nampulizia mpaka tone la mwisho, nafika kwenye kona aliyolala, nasimama. Na bado namsikia anatikisa mkono. Ananiambia bado."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwaka unaofuata natia tena."

Mnadhani alimshinda kwa hoja? Mwacheni mpwa wangu, hata mimi ningeshindwa, na mimi niliwahi kumuuzia kinyozi mwenye upara kitana. Hoja zake zote za udongo na vijidudu zilimtoka kichwani pale kwenye kiti. Akaondoka, akarudi siku nyingine, akarudi tena. Alimpasulia kuni. Alimsaidia kuziba matundu ya panya kwenye ghala. Mzee alipenda kuzungumza juu ya mkewe, na yeye akajifunza kusikiliza bila kumkatiza.

"Aliichukia ile harufu," mzee alimwambia mara moja, akimenya muhogo. "Akirudi shambani anajisugua mpaka ngozi inawaka moto. Halafu anakuja hapa, anasimama mbele yangu, ananiuliza, 'Baba, bado nanuka?'"

"Ulikuwa unamjibu nini?"

"Namwambia hapana."

"Na alikuwa…"

"Alikuwa ananuka, mwanangu. Kila siku. Mpaka nywele."

Siku hizo Bibi Shamba hakulala vizuri. Mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi. Mashine ya kukoboa ilizimwa watu waende kula, ukimya ukaingia chumbani kwake pamoja na pumba, na ndani ya ukimya ule, nyuma ya ukuta, kwi-cha. Akitoka nje haoni mtu. Akawa anaacha redio wazi. Bado aliisikia chini ya muziki, ikifuata mdundo wake yenyewe.

Mpunga haungoji mtu. Uliendelea kunenepa shingoni, na bata wa Mwenyekiti wakawa wakubwa, wanagombana kwa sauti kama wajomba kwenye msiba. Ulipofika wakati ambapo mzee angeweza kulivaa bomba siku yoyote, Bibi Shamba alikwenda kwa Mwenyekiti kumwambia ukweli, kwamba ameshindwa, awatoe bata majini kabla hayajatokea ya mwaka jana. Lakini bata wakitoka mapema wadudu wangebaki, na kikundi kingeenda dukani bila kuagana. Walijua wote wawili.

Walikuwa wamekaa chini ya upenu wa ghala. Bibi Shamba aliinua macho atafute la kusema, akaona mabomba ya zamani ya kikundi, hayatumiki tena, yamening'inizwa kwenye boriti. Yote yalikuwa yamepinduliwa, midomo chini, vifuniko vimefungwa pembeni kwa uzi.

"Mbona mmeyapindua?"

"Ndiyo kuyatunza huko. Ukimaliza kupuliza unaosha, unaosha tena, unalipindua likauke. Chiriku alikuwa mkali kwa hilo! Bomba chafu alikuwa hawezi kulala nalo nyumba moja. Mimi aliwahi kunirudisha kutoka njiani, na mimba yangu kubwa, nikaoshe upya."

Bibi Shamba aliinuka bila kuaga.

"Wewe! Unakwenda wapi na chai hujamaliza?"

"Lile la kwake limetundikwa wima, mama," alisema. "Limefunikwa. Halijaoshwa tangu siku ile."

Pikipiki ilimpeleka mpaka ilipoweza, mengine alikimbia. Jua lilikuwa linapanda utosini. Mzee Bomba alikuwa ameshatoka, amesimama kizingitini, bomba limemkaa juu shingoni, na chupa mkononi, kizibo ameshakifungua. Harufu ilikuwa imemtangulia uani.

"Mzee, subiri."

"Usinizuie, mwanangu. Ananiita."

"Sikuzuii. Nakuuliza kitu kimoja. Hili bomba uliliosha lini?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa umri wa jiwe. "Nilioshe? Niyamwage aliyoyagusa? Humo chini kumeganda masalia ya dawa aliyoichanganya mwenyewe kwa mikono yake. Nikitia, natia juu yake tu."

"Na yeye alikuwa akilala na bomba chafu?"

Mzee aligeuza uso kuelekea shambani.

"Alikuwa akilala nalo, mzee? Hata siku moja?"

Chupa ilimwinamia mkononi, matone yakadondoka kwenye kizingiti. Kutoka shambani, hafifu, wakasikia wote wawili, kwi-cha, kwi-cha. Bibi Shamba alinyoosha mkono akaichukua chupa taratibu, akairudishia kizibo. Mzee hakushika wala hakuachia. Ilitoka tu vidoleni.

"Kila mwaka unamaliza dawa," alimwambia. "Labda hasubiri dawa iishe. Labda anasubiri iondoke."

Walichimba shimo nyuma ya nyumba, mbali na mfereji, kwenye ardhi kavu. Mzee alifungua kifuniko, na kilichotoka humo kilikuwa kizito, cha rangi ya maziwa yaliyoganda, na Bibi Shamba aligeuza uso. Kwenye mdomo wa kupulizia kulikuwa na ukoko mweupe, wakaukwangua kwa kijiti. Wakaosha. Wakaosha tena. Mzee alikuwa anasugua ndani kwa kitambaa kwenye fimbo, chozi linafuata mkunjo wa pua, na kila maji yakimwagwa shimoni aliyanusa, akatikisa kichwa, akasema, "Bado." Mpaka mara ya mwisho akanusa, akanusa tena, asiseme neno.

Wakalijaza maji matupu. Mzee akalivaa.

"Na akiniuliza?" alisema wakiwa kwenye tuta.

"Akikuuliza nini?"

"Lile swali lake."

Bibi Shamba alimweka sawa kamba za bomba mabegani. "Mjibu kweli, mzee," alisema. "Safari hii unaweza."

Mzee aliingia kwenye jaruba la mwisho. Alitikisa mkono wa bomba, na maji yakatoka kama ukungu, yakiwaka jua. Kwi-cha. Na nyuma yake, hatua moja nyuma, mkono wa pili ukajibu. Kwi-cha. Kwi-cha, kwi-cha. Bibi Shamba alisimama kwenye tuta, mwili wote vinyweleo, akitazama mistari miwili ya majani ikiinama sambamba, mmoja nyuma ya mzee, mwingine nyuma ya hakuna mtu. Walikwenda kona kwa kona. Maji yalipungua, mlio wa bomba ukabadilika, ukawa mwepesi, wa kitu kilicho kitupu. Kwenye kona mzee alisimama. Akageuka nyuma, akainama kidogo, jinsi mtu mrefu anavyoinamia mtu mfupi aliyekuja kumuuliza jambo.

"Hunuki, mama," akasema. "Hunuki tena."

Sauti ya pili ikakoma.

Mlango wa maji ukafunguliwa, maji yakateremka jaruba hadi jaruba, kule chini Mwenyekiti na kikundi chake wakiwa wamejipanga kwenye matuta roho mikononi. Na hapo sasa, ndugu zangu, shikeni viti. Zile kamba fupi zilijifungua zenyewe mabegani mwa mzee! Bomba likapaa, likapita juu ya bonde zima likimwaga manukato, vyura wote waliokufa tangu enzi za babu wakafufuka wakaimba kwa sauti nne, na bata wa Mwenyekiti, maelfu kwa maelfu, wakatoka majini wakajipanga mstari kama askari, bata mkubwa mbele, na akanyanyua bawa lake la kulia akapiga—

"Mjomba."

Yuko nyuma ya kiti changu, na kikombe chake, anasoma begani kwangu. Sikumsikia akiingia.

"Endelea kusoma, mwanangu, hapo ndipo panapokolea."

"Bomba halikupaa. Alilivua mwenyewe, akalipindua, mdomo chini, akaniomba nimshike mkono mpaka nyumbani. Vyura hakuna, hata leo bado. Na bata hawakuwa maelfu. Walikuwa walewale wa kwenye tenga, wanakula, wako hai. Mwenyekiti aliwahesabu mara mbili kisha akakaa chini akalia."

"Kidogo chumvi tu, mama, watu wasisinzie. Hata ile sauti ya pili nilitaka kuiongezea…"

"Ile usiiguse," alisema. "Ile iache ilivyokuwa."